Wiki ya kwanza Berlin: mwongozo kwa mwanafunzi mgeni

Muhula wa vyuo vikuu vya Ujerumani huanza rasmi tarehe 1 Oktoba au 1 Aprili, lakini mihadhara yenyewe kwa kawaida huanza katikati ya mwezi. Hapo kati kuna karibu wiki mbili ambazo wanafunzi wageni wengi huzimalizia chumbani wakiongea na nyumbani kwa simu, au pale Alexanderplatz wakipiga picha za mnara. Chukua siku saba kati ya hizo uzipangie njia. Ukisema utatembea ukipata nafasi, mitihani itakukuta hujui hata kituo kinachofuata baada ya chuo chako.

Nimeupanga mwongozo huu kwa njia za treni kwa sababu Berlin ni jiji pana lisilo na kitovu kimoja: kila siku shika njia moja, shuka, kisha tembea kwa miguu. Sababu kubwa zaidi ya kuuandika ni kwamba jiji hili lina alama nyingi za watu wa Dar es Salaam, Lindi, Pangani na Kilimanjaro, na watembeza watalii wengi huzipita bila kuzitaja. Anayesoma Kiswahili asizipite.

Kabla ya Jumatatu

Anza na tiketi. Vyuo vingi vya Berlin vimeijumuisha tiketi ya usafiri kwenye ada ya muhula. Kwa tiketi hiyo unapanda U-Bahn, ambayo sehemu kubwa hupita chini ya ardhi, S-Bahn ambayo sehemu kubwa hupita juu, tramu, mabasi, na hata treni za mikoa nchi nzima. Haikubaliki kwenye treni za masafa marefu za ICE na IC. Kama bado hujaipata, nunua tiketi ya kanda unayokwenda. Kanda A ni katikati ya jiji, ndani ya reli ya mduara. B inaishia mpakani mwa jiji. C inafika miji ya jirani kama Potsdam na Oranienburg. Tiketi ya karatasi ukiinunua, igonge muhuri kwenye kisanduku kilichopo jukwaani au ndani ya basi. Vituo havina mageti, hakuna anayekuzuia kuingia, na hapo ndipo wageni wengi wanaponaswa. Wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa kiraia kama abiria wengine, milango ikifungwa ndipo wanatoa vitambulisho. Faini ni euro 60, na tiketi isiyogongwa muhuri inahesabiwa kama huna.

La pili ni Anmeldung, yaani kusajili anwani yako. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Unahitaji miadi kwenye ofisi ya Bürgeramt, pasipoti, fomu iliyojazwa, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Miadi huwa adimu, hasa Oktoba wanafunzi wanapomiminika. Si lazima uende ofisi ya mtaa wako, ofisi yoyote ya Berlin itakuhudumia, kwa hiyo tafuta nafasi jiji zima. Fungua tovuti asubuhi na mapema, na uirudie mchana, maana watu hufuta miadi na nafasi zao hurudi hapo hapo. Cheti utakachopewa kitunze vizuri, kwani utaulizwa unapofungua akaunti ya benki na unapokwenda kwenye kibali cha ukaazi.

La tatu, weka nafasi ya kupanda kuba la Bunge. Ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge, na siku yenyewe uje na pasipoti. Omba Alhamisi jioni. Ukikosa, chukua siku yoyote watakayokupa na usogeze ratiba.

Tembea pia na euro chache za noti na sarafu. Sehemu nyingi ndogo za kula na za sokoni bado hazipokei kadi.

Jumatatu: basi namba 100

Makumbusho mengi ya Berlin hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hii ni ya karatasi na ya kulizoea jiji kwa macho. Maliza shughuli za ofisini asubuhi, kisha panda basi namba 100 pale Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz. Ni basi la kawaida la ghorofa, na tiketi yako inatosha. Kaa juu, mbele kabisa kama nafasi ipo. Utapita Nguzo ya Ushindi, kasri la Bellevue ambalo ni makao rasmi ya Rais, Bunge, na barabara ya Unter den Linden yenye jengo kuu la Chuo Kikuu cha Humboldt, kilichoanzishwa 1810. Siku za ujenzi au maandamano njia hubadilika, usihangaike, litakufikisha.

Ukishuka Alexanderplatz, mnara wa televisheni unaouona una mita 368. Kupanda juu kuna gharama, na kuba la Bunge litakupa mandhari ya jiji bure, kwa hiyo kwa mwanafunzi mimi sishauri.

Jambo moja la barabarani lijue siku hiyo hiyo. Sehemu ya njia ya waenda kwa miguu mara nyingi imetengewa baiskeli, na mara nyingi hutofautishwa kwa rangi nyekundu au kwa mawe ya aina nyingine. Watu wanapita hapo kwa kasi na hawategemei kumkuta mtu amesimama akitazama ramani. Ukitaka kutazama simu, sogea ukutani.

Jumanne: Ukuta, na jiwe la Brunnenstraße

Shuka kituo cha S-Bahn cha Nordbahnhof, au cha U8 kinachoitwa Bernauer Straße. Hapa kuna eneo la kumbukumbu la Ukuta wa Berlin lenye urefu wa kilomita 1.4 hivi, na kuingia ni bure. Ukuta huo, uliotenganisha Berlin Mashariki na Magharibi, ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na ukafunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Wengi hukimbilia East Side Gallery, kipande kingine cha Ukuta, kwa sababu ya michoro. Mimi nakuelekeza Bernauer Straße kwanza, kwa sababu ni hapa unapoelewa ulivyofanya kazi. Panda mnara wa kituo cha maonyesho, utazame chini: utaona sehemu iliyobakizwa kama ilivyokuwa, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, na ukanda mtupu katikati wenye mnara wa walinzi. Mtu aliyekuwa akijaribu kuvuka alilazimika kupita hapo wazi kabisa. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta huu.

Ukimaliza, fuata Brunnenstraße kwa miguu kuelekea kusini hadi karibu na Rosenthaler Platz, utafute nyumba namba 193. Angalia chini. Kati ya mawe ya kawaida ya njia ya miguu kuna jiwe la sentimita kumi kwa kumi lenye bamba la shaba ya njano, limechongwa jina la Mohamed Husen. Mawe ya aina hii yanaitwa Stolpersteine. Msanii Gunter Demnig aliyabuni ili yawekwe mbele ya nyumba walizoishi watu walioteswa na Wanazi, na sasa yapo zaidi ya 100,000 katika Ulaya.

Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Akiwa bado mtoto aliingizwa kwenye jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 akaja Berlin kudai mishahara ya askari ambayo haikulipwa, yake na ya baba yake. Hakupewa. Akabaki, akaoa, akafanya kazi ya kuhudumia wateja kwenye jumba maarufu la Haus Vaterland, akaigiza sehemu ndogo ndogo kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Huyu alifundisha lugha yetu katika mji huu ambao wewe umekuja kusoma. Inama usome jina lake. Mawe haya huchakaa na kuwa meusi, na wakazi huyasugua. Ukija na kitambaa, hakuna atakayekuuliza.

Jumatano: njia ya U6, kutoka Lindi hadi Maji Maji

Siku hii usiibadilishe na nyingine. Panda U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum, utembee kidogo hadi Makumbusho ya Viumbe ya Berlin, mtaa wa Invalidenstraße. Onyesha kitambulisho cha mwanafunzi upate punguzo.

Ukiingia tu ukumbi wa kwanza, mbele yako kuna mifupa ya dinosaria yenye kimo cha mita 13.27, mirefu kuliko mifupa yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai, na imetoka Tendaguru, mkoani Lindi. Ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kumalizika katika maeneo hayo hayo. Mamia ya wenyeji walifanya kazi machimboni, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mizigo vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, meli zikaichukua. Simama karibu na mguu wa mbele, utazame juu taratibu mpaka ufike kichwa. Kisha soma vibao vyote, na uangalie ni majina ya nani yametajwa na ni ya nani hayakutajwa. Mjadala wa mifupa hii irudi nyumbani au ibaki umekuwepo Tanzania kwa miaka mingi, hata bungeni, na ni vizuri uwe na msimamo wako mwenyewe, maana wenzako darasani wakijua unatoka Tanzania kuna atakayekuuliza.

Tenga saa mbili. Tatu kama unasoma biolojia au jiolojia.

Rudi kwenye U6, njia ile ile, uelekee kaskazini hadi Rehberge au Afrikanische Straße. Umefika kitongoji cha Wedding, kwenye eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika. Mitaa yake ilipewa majina kuanzia mwisho wa karne ya 19, enzi za ukoloni, na ukizunguka utakutana na Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße na Ugandastraße. Tafuta ile iliyokuwa Petersallee. Ilipewa jina hilo mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, yule aliyezunguka bara akiwawekesha machifu alama kwenye mikataba. Baada ya miaka mingi ya mapambano ya wakazi na vyama vya Waafrika wa Berlin, jina hilo liliondolewa Agosti 2024. Sehemu moja sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa mwaka 1959 akipinga utawala wa kibaguzi, na nyingine Maji-Maji-Allee. Kibao chenyewe ni cha kawaida kama cha mtaa wowote, na watu wanapita chini yake na mikoba ya sokoni.

Kama umechoka, hifadhi ya Volkspark Rehberge iko hapo hapo. Kama una njaa, shuka na Müllerstraße. Wedding ina maduka ya Waafrika na ya Waturuki, na unga wa ugali ukiuulizia utaupata.

Alhamisi: kuba, na anwani ya mkutano

Asubuhi lala, fua nguo, au nenda maktaba. Jengo la Grimm-Zentrum la Chuo Kikuu cha Humboldt, karibu na kituo cha Friedrichstraße, liko wazi hata kwa wasio wanafunzi wake, na kumbi zake za kusomea zimeshuka ngazi kwa ngazi kwa namna inayokupa hamu ya kufungua kitabu. Kula mchana kantini ya chuo, Mensa. Bei ya mwanafunzi ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo uwe umeshapata kadi yako.

Alasiri anzia Lango la Brandenburg, tembea kusini dakika chache hadi kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, mawe 2,711 ya kijivu yaliyopangwa kwenye ardhi inayoinuka na kushuka. Ilifunguliwa mwaka 2005. Watu hupandia mawe hayo kupiga picha. Wewe usifanye hivyo.

Kutoka hapo ingia Wilhelmstraße, mtaa wa nyuma yake tu, utafute namba 92. Kasri la Kansela lililokuwa hapa, enzi hizo likiitwa Wilhelmstraße 77, halipo tena. Pamebaki bamba la kumbukumbu mbele ya majumba ya kawaida ya kupanga. Hapa ndipo Kansela Bismarck alipokutanisha mataifa 14 tarehe 15 Novemba 1884, wakakaa hadi tarehe 26 Februari 1885 wakikubaliana masharti ya kugawana Afrika. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake, tarehe 27 Februari, Kaisari akatia saini hati ya kuilinda mikataba ya kampuni ya Peters, na kwa hati hiyo Afrika Mashariki ya Kijerumani ikaanza. Wengi tulisoma habari za mkutano huu kidato cha pili au cha tatu kama tarehe za kukariri. Ukisimama pale unaona kwamba ulikuwa mkutano wa ofisini, wenye anwani.

Jioni panda kuba la Bunge. Jengo ni la mwaka 1894, kuba la kioo ni la msanifu Norman Foster na lilikamilika 1999. Chini ya miguu yako ni ukumbi wa wabunge. Kaa hadi taa za jiji ziwake.

Ijumaa: Neukölln

Shuka Hermannplatz, njia za U7 na U8. Karibu na bustani ya Hasenheide kuna mtaa mfupi uitwao Lucy-Lameck-Straße. Hadi mwaka 2021 uliitwa Wissmannstraße, kwa jina la Hermann von Wissmann, kamanda aliyevunja upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Lucy Lameck alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1934, akapigania uhuru kupitia TANU na akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri mdogo Tanzania. Kumtoa Wissmann na kumweka yeye ni uamuzi ambao mimi unanifurahisha kila nikipita hapo.

Kata Hasenheide kuelekea Columbiadamm. Kama unaswali, msikiti wa Şehitlik uko barabara hiyo, wenye minara miwili na makaburi ya Waturuki ya tangu karne ya 19. Fika mapema kwa sala ya Ijumaa kwa sababu hujaa. Asiyeswali naye anakaribishwa nje ya muda wa sala, akivaa kwa heshima.

Kando yake ni Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani. Wakati Wasovieti walipoifungia Berlin Magharibi mwaka 1948 na 1949, chakula na makaa ya mawe vililetwa kwa ndege zilizotua hapa. Ulifungwa 2008, ukafunguliwa kwa umma 2010, na mwaka 2014 wakazi walipiga kura ya maoni kuzuia usijengwe. Leo unatembea katikati ya njia ya kurukia ndege, watu wakirusha tiara na kuendesha baiskeli. Upepo ni mkali, vaa koti. Mageti hufungwa jua likizama, saa zimeandikwa mlangoni.

Malizia soko la Maybachufer, pembeni ya mfereji, kituo cha Schönleinstraße. Hufanyika Jumanne na Ijumaa. Ukienda karibu na kufunga, wauza matunda na mboga hushusha bei ili wasirudi na mzigo.

Jumamosi: nje ya jiji

Chagua moja tu. Potsdam kwa S7, kwenye bustani ya Sanssouci ambayo kuingia hakuna kiingilio cha lazima, na kasri alilojenga Mfalme Frederick wa Pili kati ya 1745 na 1747. Au Sachsenhausen, kwa S1 hadi mwisho wa reli Oranienburg, kisha mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu. Kambi hiyo ilianzishwa 1936, zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo, na kuiingia ni bure. Ukiwa umesoma lile jiwe la Brunnenstraße, utajua unamtafuta nani. Usiende peke yako, na usipange sherehe jioni yake.

Vyovyote utakavyochagua, pitia dukani kabla ya kurudi chumbani. Jumapili maduka makubwa yote hufungwa, isipokuwa machache ya kwenye vituo vikubwa kama Hauptbahnhof, ambako foleni ni ndefu.

Jumapili: reli ya mduara

Jumapili ni siku ya utulivu kisheria: usitoboe ukuta, usiburuze fanicha, usiwashe muziki mkubwa. Jirani anaweza kukuletea malalamiko ya maandishi, na kila siku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi sheria ni ile ile.

Panda treni ya mduara. S41 inazunguka kama mishale ya saa, S42 kinyume chake, vituo 27, kilomita 37, karibu saa nzima. Zunguka mara moja bila kushuka, dirishani, ukiwa na karatasi. Andika kila kituo ambako njia yako ya chuoni inakutana na nyingine, maana treni ikiharibika asubuhi ya mtihani hayo ndiyo maungano yatakayokufikisha. Mzunguko wa pili shuka popote panapokuvutia. Wengi hupenda gulio la vitu vilivyotumika la Mauerpark, ambalo ni Jumapili tu. Sufuria, taa ya mezani na koti la baridi utavipata hapo kwa bei nafuu kuliko dukani.

Chupa na makopo yaliyojaa chumbani kwako wiki hii usitupe. Kopo na chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, chupa ya bia ya kioo senti 8, na mashine ya kuzirudisha ipo kwenye duka kubwa, inakupa risiti unayokatia malipo. Zipeleke Jumatatu. Na unapotazama ratiba ya mhadhara wako wa kwanza, angalia herufi zilizoandikwa baada ya saa: 10 c.t. ina maana mhadhiri ataanza saa nne na robo asubuhi, na 10 s.t. ina maana saa nne kamili.